Barua ya wazi kuhusu wauzaji wa misumeno ya mnyororo na mafundi wa injini ndogo

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Dodoma.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani (FCC), Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), waingizaji na mawakala wote wa misumeno ya mnyororo nchini.

YAH: DHAMANA ISIYOHESHIMIWA, SPEA BANDIA NA MATENGENEZO YASIYO NA MAANDISHI

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima na mvunaji mdogo wa miti katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Kabla ya kuandika barua hii nililipeleka lalamiko langu mahali linapostahili kuanzia, yaani kwa muuzaji aliyeniuzia mashine, na kisha kwa wakala anayemletea mzigo. Barua yangu ya kwanza kwa wakala haikujibiwa kabisa, na ya pili ilijibiwa kwa simu kwamba nirudi kwa muuzaji, ambaye ndiye aliyenituma kwa wakala. Wenzangu wengi wamezungushwa hivyohivyo na wakanyamaza, kwa sababu mtu mwenye magogo chini hana nafasi ya kesi. Sitalitaja duka wala mtu, maana yaliyonipata kwa mmoja yamewapata wengine kwa wengine, na ninachoomba ni utaratibu utakaowabana wote.

Naomba kwanza nieleze uzito wa jambo lenyewe, kwa kuwa nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja kwamba msumeno ni kifaa kidogo mno kupelekwa ngazi ya taifa. Mikoa ya Iringa na Njombe inaishi kwa miti. Shamba la Miti Sao Hill, lenye zaidi ya hekta 135,000, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya serikali, na kulizunguka kuna wanakijiji wengi waliopanda paina na milingoti yao wenyewe, baadhi yao miaka mingi kabla ya Programu ya Panda Miti Kibiashara iliyoanza mwaka 2014. Mti wa paina unaulea miaka kumi na mitano, ishirini, wakati mwingine zaidi, na baada ya subira yote hiyo mavuno yako yanategemea mashine moja inayobebwa mkononi. Ikikwama, magogo ya paina yaliyokwisha kuangushwa huanza kushika ukungu wa bluu ndani ya wiki chache na mnunuzi hukata bei. Wapasuaji wa dingidongi, yaani mashine ndogo za kupasulia mbao zinazohamishika, wanasimama, dereva wa lori anadai chake, na mvua za Novemba zikifika barabara za mashambani hazipitiki. Msumeno wa kazi hii ni wa bei kubwa. Kwa mkulima wa kijijini hiyo ni fedha ya ada za watoto, na anayeipokea anapaswa kuwajibika kwa alichokiuza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Dhamana inayokufa siku inapohitajika.

Nilinunua msumeno mpya kwa dhamana ya maandishi ya miezi sita. Ulipopata joto ulianza kukosa nguvu, ukawa unapiga kelele ya juu bila kukata, na hatimaye pistoni ikakwama ndani ya silinda. Nilipoufikisha dukani, muuzaji aliutazama ukiwa umefungwa, ukiwa na vumbi lake, akasema: “Umekosea kuchanganya mafuta.” Hilo ndilo jibu analopewa kila mteja wa mashine hizi, Mheshimiwa, awe na msumeno, pampu ya dawa ya mgongoni au mashine ya kukatia majani.

Naomba niseme wazi kwamba mchanganyiko mbaya unaua injini. Injini ya msumeno haina oili yake ndani kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli, na watengenezaji wakubwa huelekeza mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli ikiwa oili ni ile wanayoitaka wao, huku baadhi yao wakielekeza mililita 40 kwa lita ikiwa ni oili ya kawaida ya injini za aina hiyo. Mimi natumia oili iliyouzwa juu ya kaunta ileile, na napima kwa chupa ya vipimo iliyotoka duka lilelile.

Lakini pistoni hukwama kwa sababu nyingine pia, na fundi wa kweli anazijua. Sili ya krankshafti, yaani kizibo kinachozuia hewa kwenye mhimili wa injini, ikilegea, au mpira ulio kati ya kabureta na silinda ukipasuka, hewa huingia pasipotakiwa, mafuta hupungua ndani na joto hupanda. Kabureta ikifungwa kupita kiasi na fundi wa duka siku ya kwanza, matokeo ni hayohayo. Kichujio cha hewa kikichanika, vumbi la mbao hupita. Kila kosa huacha alama yake: joto la kupungukiwa mafuta huchubua pistoni hasa upande wa kutolea moshi, na vumbi huila upande wa kuingizia. Kuona alama hizo kunahitaji kufungua bolti chache za bomba la moshi na kumulika kwa tochi, na kujua kama hewa inavuja kunahitaji pampu ndogo ya mkono yenye geji. Fundi asiyefanya hata moja kati ya hayo hana msingi wa kumhukumu mteja.

Nilimwomba muuzaji afungue bomba la moshi mbele yangu. Alikataa kwa maelezo kwamba mashine ikifunguliwa na asiyeidhinishwa dhamana inakufa, na kwamba yeye hana aliyeidhinishwa. Kwa hiyo isipofunguliwa kosa ni langu, na ikifunguliwa dhamana imekwisha. Nilipochoka kusubiri niliifungua kwa fundi mwingine, ikaonekana kwamba sili ya krankshafti upande wa sumaku ilikuwa imekaa upande tangu ilipofungwa. Nilituma picha. Nilijibiwa kwamba picha si ushahidi.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka anayeuza bidhaa katika biashara yake auze kitu kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Karatasi ya dhamana ambayo muuzaji anajua kwamba hana fundi wala nia ya kuitekeleza ni upotoshaji, na naomba iitwe hivyo na wanaohusika.

2. Spea bandia zinazouzwa kwa bei ya halisi.

Majina makubwa ya misumeno, kama Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden, yanaghushiwa waziwazi. Msumeno wa Stihl 070, ambao wapasuaji wa magogo makubwa wameupenda kwa miaka mingi, una nakala nyingi mno sokoni zenye rangi ileile na maandishi yanayofanana, kiasi kwamba mnunuzi wa kawaida hawezi kuutambua wa kweli kwa macho. Vivyo hivyo kwa pistoni, ringi, koili, kabureta na minyororo.

Sina ugomvi na spea ya bei nafuu. Mkulima mwenye fedha kidogo ana haki ya kununua pistoni isiyo ya kampuni iliyotengeneza mashine, akijua anachonunua na kwa bei inayolingana nacho. Ugomvi wangu ni wa kuuziwa nakala ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni, kwa bei ya kampuni, kisha nikirudi naambiwa kwamba siku hizi zote ni hizo. Silinda nzuri hupakwa ndani tabaka gumu sana la madini ambalo ringi huteleza juu yake. Kwenye nakala hafifu tabaka hilo hubanduka, na makombo yake hula injini nzima, ikiwamo beringi ya krankshafti iliyokuwa nzima. Mteja alikuja kununua pistoni na anaondoka amepoteza mashine.

Kuhusu minyororo, kuna ujinga unaouzwa pamoja na bidhaa. Mnyororo huchaguliwa kwa mambo matatu: hatua yake, yaani nafasi kati ya kiungo na kiungo, unene wa viungo vinavyopita kwenye mfereji wa baa (bamba refu linalobeba mnyororo), na idadi ya viungo hivyo. Wauzaji wengi niliokutana nao hawaulizi hata moja. Wanapima kwa kunyoosha mnyororo mpya kando ya wa zamani, na hatua zisipolingana husema “itaingia tu”. Kweli huingia, kisha spoketi, yaani gurudumu la meno linalouzungusha, huliwa, baa hupanuka mfereji, na mnyororo huruka nje ukiwa katika mwendo kasi, karibu na mguu wa mtu.

3. Mashine inaingia gereji ikiwa na viungo vyake na kutoka na vya wengine.

Karibu gereji zote za injini ndogo nilizozitumia hupokea mashine bila kuandika chochote: namba ya mashine haiandikwi, hali yake haiandikwi, na bei haikubaliwi kabla ya kazi. Fundi anaomba fedha ya spea kwanza, spea “inakuja na basi”, na baada ya hapo simu haipokelewi. Mashine ikirudi, kabureta si ile, koili imebadilika, au kifuniko cha kuvutia kamba kimetoka kwenye msumeno mwingine ambao mwenyewe hajui. Spea ya zamani iliyodaiwa kuharibika hairudishwi, hivyo huwezi kujua kama iliharibika. Wenye jenereta na pampu za maji wanayajua haya sawasawa na sisi wa misitu.

Ni haki niseme pia kwamba wapo mafundi waadilifu. Yupo mmoja Mafinga ambaye huandika namba ya mashine kwenye daftari la shule, humwonyesha mteja pistoni kabla ya kutaja bei, na humrudishia spea za zamani ndani ya mfuko. Hana ofisi ya maana wala kibao cha uwakala. Utaratibu wake hauhitaji mtaji wowote, na ndiyo sababu sikubali kwamba wengine wameshindwa kwa kukosa uwezo.

4. Breki zinazong’olewa.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, Mheshimiwa, na ningeomba lisomwe kabla ya mengine yote.

Ncha ya baa ikigusa gogo au tawi wakati mnyororo unazunguka, msumeno hurushwa juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya mkataji, kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuizuia kwa mikono. Kwa sababu hiyo misumeno ya kisasa imewekewa breki ya mnyororo, ile inayoshikana na kinga ya mkono wa mbele, ambayo husimamisha mnyororo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ipo pia pini ya kudaka mnyororo uliokatika, na kitufe kinachozuia akselereta isivutwe kwa bahati mbaya. Viwango vya kimataifa vya ISO 11681 vinahusu usalama wa misumeno hii hasa.

Sasa angalia kinachotokea gereji. Mkanda wa breki ukilika au springi ikikatika, spea haipo dukani. Fundi anaondoa mfumo wote, anafunga kifuniko, na kumrudishia mteja mashine “nzima”, mara nyingi bila kumwambia. Wengine huambiwa kwamba breki inasumbua tu na kupunguza nguvu. Nimeona pia misumeno mipya ya nakala ikiuzwa huku kinga ya mkono ikiwa plastiki tupu isiyounganishwa na breki yoyote, na hilo siwezi kuliita kasoro ya bahati mbaya, kwa kuwa kuna mtu aliyekaa akaamua kutengeneza kinga inayofanana na breki ili mnunuzi aamini ipo.

Wanaoshika mashine hizi ni vijana wa vijiji vyetu, wengi wao bila kofia ngumu wala suruali za kuzuia mnyororo. Mimi kama mwajiri nina wajibu chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na siukwepi. Ila naomba nielezwe nitautimizaje ikiwa mashine niliyoipeleka gereji na breki yake inarudi bila breki, na aliyeitoa hawajibiki kwa yeyote.

5. Maelekezo yasiyosomeka.

Misumeno mingi huja na kitabu cha lugha ambazo mkataji wa kijijini hazisomi, na mingine haina kitabu chochote. Oili nayo huuzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo. Muuzaji huyohuyo ndiye atakayekuja kusema kwamba mteja alikosea kuchanganya.

Najua majibu yatakayotolewa, maana nimeyasikia yote. Litasemwa kwamba wateja wenyewe hupenda vya rahisi. Wanapenda, lakini hakuna anayependa kulipa bei ya halisi kwa kitu bandia, na hakuna aliyeomba kuuziwa breki ya maonyesho. Litasemwa kwamba soko ni dogo na spea huchukua muda kufika kutoka Dar es Salaam. Mabasi ya Dar es Salaam na Mafinga husafiri kila siku na hubeba mizigo. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza, na anayejua hawezi kupata spea za mashine fulani asiiuze, au amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha. Litasemwa kwamba mteja hana risiti. Hili linaniudhi kwa namna ya pekee, kwa sababu wapo wauzaji wanaomshawishi mteja apunguziwe bei asichukue risiti ya kielektroniki ya kodi (EFD), kisha risiti hiyohiyo inageuka kuwa sababu ya kumkatalia dhamana. Na litasemwa kwamba mafundi hawana elimu. Basi wasomeshwe, Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, na VETA ina vyuo mikoani.

Kwa hiyo naomba, na wenzangu walioisoma barua hii kabla haijatoka wanaomba pamoja nami, mambo yafuatayo.

Tume ya Ushindani ifanye ukaguzi wa maduka ya misumeno na spea zake katika Mafinga, Makambako na Njombe, kwa mamlaka iliyonayo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Mkurugenzi Mkuu wa Tume ndiye Mkaguzi Mkuu wake. Ukaguzi ufanyike bila taarifa, na matokeo yake yatangazwe ili wakulima wajue. Tume itoe pia mwongozo kwamba muuzaji anayekataa dai la dhamana alikatae kwa maandishi, akitaja kasoro aliyoiona baada ya kuifungua mashine mbele ya mteja.

Shirika la Viwango liangalie misumeno inayoingia nchini kwa jicho la usalama. Ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa umekuwapo tangu mwaka 2012. Tunaomba breki ya mnyororo ijaribiwe katika ukaguzi huo, na msumeno usio na breki inayofanya kazi usipate cheti. Kitabu cha maelekezo cha Kiswahili, chenye vipimo vya mafuta na ratiba ya matunzo, kiwe sharti.

VETA ianzishe kozi fupi ya matengenezo ya injini ndogo, yenye upimaji wa uvujaji wa hewa, usomaji wa pistoni na ufungaji wa breki, na iwatambue kwa cheti mafundi wa mitaani ambao tayari wanaijua kazi, bila kuwalazimisha kuanza upya. Fundi wa daftari la shule niliyemtaja angefaulu siku ya kwanza.

Mawakala nao sihitaji kuwasubirisha sheria. Wanaweza kesho kuamuru kila duka linalobeba jina lao litoe stakabadhi ya kupokea mashine yenye namba yake na orodha ya kasoro, likubaliane bei na mteja kabla ya kazi, lirudishe spea za zamani, na lisitoe mashine yoyote iliyoondolewa breki. Duka lisilotaka linyang’anywe kibao.

Mheshimiwa Waziri, msimu wa kiangazi ndio msimu wetu mkubwa wa kuvuna. Tunaomba kabla haujaanza ofisi yako iitishe kikao Mafinga kitakachowakutanisha wakulima, mawakala, mafundi, FCC, TBS na VETA. Karatasi yangu ya dhamana, nakala za barua nilizoandika, picha za pistoni na sili yenyewe iliyotolewa kwenye mashine ninazo, na nitazileta. Wenzangu wataleta za kwao, pamoja na misumeno yao isiyo na breki.

Nasubiri majibu ya maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mvunaji wa miti,
Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa.